Ulipoinua Mikono Kule Kakuma

Mwanangu Ewoi,

Tangu ile siku ya Kakuma hujapiga simu, na mimi yangu naishika halafu naiweka. Ni aibu. Wacha niandike, karatasi hainiangalii usoni.

Shule niliachia darasa la tano, lakini hapa Lodwar hakuna mwanamke mwingine aliyezaa mtu anayepiga piano na kuongoza okestra papo hapo. Hiyo siachi kusema. Nikifika sokoni wananiambia, "Mama Okestra, leo utanunua samaki ama utatuhubiria kijana wako?" Nanunua samaki na bado nawahubiria.

Unakumbuka kinanda cha kanisa ulichojifunzia, kile chenye vibonye vilivyokufa? Mwalimu wa kwaya, yule Mkongomani wa kambi ya wakimbizi, alikuambia, "Penye kimekufa, uimbe wewe." Ukawa unapiga na kuziba mapengo kwa mdomo. Mimi nakungoja mlangoni, najifanya nimechoka na jerikeni.

Na baba yako, Mungu amlaze pema, unamkumbuka kule Lopur akimwimbia ng'ombe wake? Anainua mikono, anaikunja kama pembe za yule ng'ombe, na sisi wanawake tunaitikia tukiruka. Mwanaume ainue pembe halafu wanawake wanyamaze? Hayo ni matusi. Wewe ulikuwa unamwiga na vimikono vyako, nami nakuitikia peke yangu nikisonga ugali.

Sasa siku ile ya tamasha lenu Kakuma nikaleta wamama wa kanisa lori zima, kila mmoja na shanga zake. Ulipiga piano vizuri sana. Halafu ukasimama, ukainua mikono, ikakunjika vilevile, na ukumbi wote ukanyamaza. Nikaona mwanangu ameinua pembe mbele ya wageni na hana wa kumwitikia. Nikapiga kigelegele, nikaruka. Wenzangu wakaruka. Wapiga fidla wakapotea kabisa. Ukageuka, kidole mdomoni, ukatunyamazisha kama watoto.

Hilo nilistahili. Nimeelezwa baadaye kwamba kile kimya kilikuwa sehemu ya muziki, na nikikumbuka natamani ardhi inimeze. Lakini kuna lingine limenikaa kifuani. Nilikuja nyuma ya jukwaa na chupa ya chai. Yule mgeni wenu wa Nairobi akakuuliza, "Huyu mama ni nani?" Ukasema, "Ni mmoja tu wa wamama wa huku." Ukaniona. Nikakuona. Nikarudi kwa lori na chai yangu.

Njiani wakaniuliza, "Kijana amesemaje?"

"Amesema chai ni tamu."

Ewoi, mimi nilikuaibisha kwa kutojua. Wewe ulijua. Na bado nikikaa nawaza kama ulikula siku hiyo.

Hapa hawaachi kuuliza. Jumapili nikawaambia umepiga simu, umeomba msamaha, tena umelia. Kulia nimeongeza mimi. Mama Akiru akapiga makofi, akasema, "Nilijua tu, yule mtoto ana heshima." Pasta akatuombea wote wawili.

Kwa hivyo piga, mwanangu. Nimeshakusamehe mbele ya kanisa zima. Imebaki wewe kuomba.

Aliyekuzaa,
Mama yako