Nyumba Moja, Mapaa Mawili

Alhamisi, 3 Oktoba 2013

Mama yuko hapa! Mama yangu mzazi! Amelala kitandani kwangu na viatu miguuni. Lori la wakimbizi wapya limemshusha hapa kambini Rubondo. Nimemkuta amekalia gunia lake kando ya barabara, anauliza kila anayepita: Orpa, mutoto ya kule Lemera, munamujua? Tulipotezana vitani 2004. Tangu hapo nimekuwa nikimlilia kimoyomoyo, hata nikicheka. Leo nimelia kwa sauti mpaka jirani yangu Constance akaja mbio, akidhani kuna msiba.

Ameikagua nyumba yangu. Haichukui muda — chumba kimoja! Kitanda, sanduku, sufuria, majerikeni, msumari wa koti la mume wangu, Anselme. Ukikaa katikati ukanyoosha mkono, kila kitu unakifikia. Mimi naipenda hivyo. Posho, maharage ya shambani, na kile kidogo anacholeta mume wangu — tunaishi. Mama akauliza: na bwana yako, analalaka wapi? Nikamjibu, hapo hapo ulipolala. Akaruka kama aliyekalia siafu.

Ijumaa, 4 Oktoba

Nilisahau. Au nilijisahaulisha. Kwetu mkwe na mama mkwe hawalali chini ya paa moja. Hawatazamani usoni, hawaitani majina. Mama alitaka kwenda kulala na mbuzi wa Constance! Nimembembeleza. Anselme anaosha madebe ya maziwa kule Bwizibwera, analala stoo huko huko, anakuja Jumamosi tu. Basi kakubali — mpaka kesho.

Kumjengea kibanda chake? Kwa mvua hizi matofali ya udongo hayakauki. Labda Januari. Na mabati tutayatoa wapi?

Halafu ananiuliza mjukuu yuko wapi. Mama jamani!

Jumamosi, 5 Oktoba

Anselme amekuja. Habari ilimfikia njiani, kwa hiyo alisimama mbali, kwenye mihogo, kofia mkononi. Mama akajifunika kitenge, akageukia ukuta.

"Umuambie mukwe wangu namusalimia sana."

"Umuambie mama tunamushukuru Mungu juu ya safari yake."

Wanasikilizana vizuri kabisa, lakini lazima nirudie kila neno. Kasuku mimi! Anselme amekwenda kulala kanisani, juu ya mabenchi. Chakula nimempelekea huko, kimefunikwa, nikarudi. Wiki nzima nilikuwa namngoja.

Jumapili, 6 Oktoba

Pasta Nehemiya amehubiri kwamba katika Kristo mambo hayo ya mila yamekwisha. Mama akanong'ona, si kidogo: "Pasta alale kwanza na mama mukwe wake, kiisha atuambie." Benchi zima la kina mama limecheka.

Anselme ameondoka saa nane. Tumeagana kwa kushikana mikono mlangoni mwa kanisa, kama dada na kaka katika Bwana. Nilitamani nimng'ang'anie.

Jumamosi, 12 Oktoba

Hakuja. Ametuma sabuni na sukari kwa dereva wa gari la maziwa. Sukari! Nani aliomba sukari?

Nimefua koti lake ambalo halikuwa chafu. Mama aliona. Jioni akaanza kufunga gunia. Anarudi kule wanakopokelewa wageni, anasema, akangoje kiwanja chake hata mwaka mzima. "Nyumba ya bibi na bwana haina fasi ya mutu wa tatu." Nimeikalia kamba ya gunia nikakataa kuinuka. Miaka yote hii bila mama, leo nimfungulie mlango aende? Hapana! Lakini usiku najiona nalala ukingoni mwa kitanda, namwachia Anselme nafasi yake, kumbe katikati kuna mgongo wa mama. Namtaka mama. Namtaka na mume wangu. Ni dhambi kuwataka wote wawili?

Jumatano, 16 Oktoba

Nimetoka Mbarara. Nilimwambia mama nakwenda kuulizia mbegu. Mbegu gani! Anselme aliomba ruhusa, tukakutana karibu na soko. Watu wa ndoa ya kanisani, na hatuna pa kukaa. Tulikaa kwenye benchi la muuza rolex, zile chapati za kuviringishwa na mayai, tukala moja, nusu kwa nusu, polepole. Mikono yake inanuka maziwa hata ikioshwa. Niliishika chini ya meza.

Nilimuuliza kwa nini hakuja. Akasema mabenchi hayamsumbui. Kinachomsumbua ni kuuona mwanga wa taa yangu kutoka pale kanisani, na hawezi kwenda.

Muuza rolex akatukazia macho: "Nyinyi, hapa si hoteli! Nunua ingine ama toka, watu iko." Tukasimama. Anselme akabaki ameduwaa, anatazama vibanda vya mafundi cherehani ng'ambo ya barabara. Vimeshikana kwa ukuta mmoja, lakini kila kimoja na bati lake.

"Orpa," akasema, "ile ni nyumba moja ao mbili?"

Jumamosi, 19 Oktoba

Kaja na msumeno wa kuazima! Kapanda juu ya nyumba, kaondoa safu ya bati ya katikati, kakata fito zilizoshika pande mbili. Nilipiga kelele — nyumba yangu! Anaipasua kama papai! Vijana wa kanisa wamesimamisha miti chini ya ule mwanya na kukandika matope, ukawa ukuta. Upande wa nyuma wametoboa mlango wa mama. Bati lililotolewa ndilo mlango wenyewe.

Constance amecheka mpaka akakaa chini. Anasema amewahi kuona watu wakigawana mashamba, wakigawana ng'ombe, lakini mbingu!

Chumba changu sasa ni kitanda na mlango. Ukitaka kugeuka, unatoka nje kwanza. Sijali.

Jumapili, 20 Oktoba

Anselme alilala tena kanisani, maana ukuta ulikuwa mbichi na hukumu haijatolewa. Asubuhi mama akatoka, akazunguka nyumba, akanyoosha fimbo yake juu, ikapita kwenye mwanya bila kugusa kitu. Akaitazama mbingu ile nyembamba muda mrefu. Mimi roho juu.

"Jua linapita," akasema. "Hizi ni nyumba mbili. Umuambie mukwe wangu alifanya muzuri sana."

Nikarudia. Anselme kule kwenye mihogo akavua kofia. Kisha akaenda kazini. Jumamosi, akaniambia. Jumamosi!

Jumamosi, 26 Oktoba

Asubuhi. Nimetandika shuka la harusi. Nimejipaka mafuta. Mama ameniona naimba, akatangaza kutoka upande wake, kwa sauti ya kusikika kwa Constance: "Miye niko muzee! Nalalaka mapema, na masikio inakufa, sisikiaka kitu!" Nimecheka peke yangu.

Jioni. Aliingia. Aliinama mlangoni, akatundika koti lake msumarini. Nimelitazama lile koti, machozi yakanitoka, akaniuliza kulikoni, nikasema moshi.

Chai haijapoa, mvua ikaja. Mvua ya hasira. Maji yanapita kwenye mwanya moja kwa moja mpaka kwenye ukuta, na ukuta unayeyuka, matope yanamwagikia upande wa mama, kitandani kwake. Namsikia anasogeza gunia lake. Halalamiki. Anaimba wimbo wa kanisani.

Anselme aliutazama ukuta, akanitazama mimi. Akachukua shitingi ya kuanikia maharage, ile ya plastiki, na kamba.

Nikamwambia: ukiziba hapo, ni paa moja tena.

"Najua. Nitarudia kwenye mabenchi."

Akatoka na shati tu. Koti ameliacha.

Sasa yuko juu, anafunga. Na mama amegundua. Amesimama juu ya kitanda chake, ameikamata shitingi kwa fimbo, anaivuta chini. Naandika ili mikono yangu isiende upande wowote.

"Orpa! Umuambie aache! Mvua hii haitaniua!"

"Umuambie mama aachilie! Ukuta utamwangukia!"

Sirudii. Leo sirudii neno. Yeye anafunga, mama anafungua, plastiki inapiga kelele. Mimi chini, nampenda huyu na nampenda yule, na mvua inaninyeshea daftari.

Mama ameshusha fimbo. Halafu — mama yangu, asiyewahi kulitamka jina hilo — ameita:

"Anselme! Mwana wangu! Ingia mu nyumba yako!"

Hafungi tena, lakini hashuki. Nusu ya mwanya imezibwa, nusu bado inaonyesha mbingu. Namsikia anapumua.