Mfuko Niliomshonea Kaka Yako

Nyumba ya geti la kijani,
mlango wa pili baada ya karakana.
Jumapili, tarehe 14, mwezi wa tisa.

Mpendwa Shemeji Msumari,

Salamu kwanza, maana nikianza na yaliyonijaa nitasahau adabu. Hujambo? Lile jino umeling'oa au bado unalibembeleza? Umenenepa kidogo, au jina tulilokupa bado linakufaa? Sisi huku tunaendelea. Mama yenu mguu umepoa, sasa yeye ndiye anayetuamsha asubuhi. Watoto wanakula, wanakua, wanapasua viatu.

Mimi mwili ni mzima. Akili ndiyo haijatulia tangu Alhamisi. Kaa chini, shemeji, nikuambie alilofanya kaka yako, maana mpaka sasa nikikumbuka nashika kichwa.

Habari ya kifua chake unaijua. Mwezi wa sita alikohoa mpaka nikamburuta kwa daktari. Yule mama akampulizisha kwenye mrija, akatazama namba, akanuna. Akasema ni vumbi la mbao, miaka ishirini ya kulivuta bila kuziba pua. Akampa miezi mitatu: aliondoe vumbi karakanani, kisha arudi apulize tena. Namba ikishuka, aache useremala. Kaka yako aache mbao! Mtu anayenusa ubao akakuambia kama umekauka! Siku hiyo alirudi nyumbani, hata chakula hakukigusa.

Tukaanza kutafuta mashine ya kufyonza vumbi. Mimi nilidhani ni kitu cha kununua kama pasi, unaingia dukani unatoka nacho. Thubutu! Tuliona kadogo ka magurudumu, kanavuta vizuri, lakini maranda yakikwama kooni ndiyo basi tena. Tukaona kubwa, lina mota na mifuko miwili: wa chini unapokea maranda, wa juu unatoa hewa. Kaka yako akalipenda hilo kubwa. Lilikuwa limeshatumika, na mfuko wake wa juu ulikuwa umeliwa na panya, ndiyo maana likatufikia sisi.

Muuzaji akasema mfuko tutaushona wenyewe, ila akasisitiza jambo moja, akalirudia mara tatu: lazima upumue. Mfuko usipopumua, mashine inakabwa. Shemeji, neno hilo nililiweka moyoni. Mshonaji wa nyumba hii ni nani? Si mimi?

Kufunga mabomba nako kulikuwa na vituko vyake. Kaka yako alianza na yale membamba yaliyobaki tulipojenga bafu, mashine ikabaki kukoroma tu kama mgeni aliyeshiba. Akayang'oa, akaweka ya upana wa kiganja. Akaambiwa kila kona inaiba nguvu ya upepo, basi akahamisha msumeno wa meza, akahamisha mashine ya randa, mpaka bomba likanyooka ukutani likabaki na kona mbili. Kila tawi akalitengenezea kilango cha ubao cha kusukuma, ukitumia msumeno unafungua chake na vingine unafunga. Kazi safi. Wewe uliyefundishwa naye ungejivuna.

Na mimi nikashona. Nilikuwa na kitambaa cha pazia, chepesi, ukikiweka mdomoni na kupuliza, mshumaa wa upande wa pili unazimika. Nikasema, hiki ndicho kinachopumua! Nikapiga mshono maradufu, nikatia mkanda shingoni, nikatarizi jina lake kwa uzi mwekundu. Siku tulipowasha, mfuko ukavimba ukasimama wima, nikapiga vigelegele. Sakafu ikawa safi, viatu vya kaka yako tukaijua rangi yake. Nikawaita majirani waje waone. Nilijisifu, shemeji, sikufichi.

Kikohozi lakini hakikupungua. Nikajipa moyo kwamba ni uchafu wa zamani unatoka, nikawa namlambisha asali kila asubuhi.

Jumanne iliyopita mchana nilitandika suti nyeusi ya mteja mezani, kwenye chumba changu cha cherehani kinachopakana na karakana. Nikaenda jikoni kuchukua maji ya kupigia pasi. Kurudi, suti ni ya kijivu! Nikaikung'uta, nikaifuta, nikageuka kutafuta chaki, imerudia tena. Toba! Nikaenda mpaka mlango wa karakana. Kaka yako alikuwa ameinamia msumeno, mashine inanguruma, na jua la dirishani limeupiga mfuko wangu ubavuni. Unafuka! Haki ya Mungu, unafuka kila upande, kama nguo mbichi chini ya pasi ya moto. Maranda yanabaki chini, lakini ule unga laini usioonekana, ndio hasa unaomaliza mapafu, unapenya kwenye pazia langu na kurudi hewani, usawa wa pua ya mume wangu. Zamani angalau ulitua sakafuni tukaufagia. Sasa mashine ilikuwa inampulizia kutwa nzima. Kikulacho ki nguoni mwako, na nguo yenyewe nimeishona mimi.

Unadhani nilimwambia? Wala! Niliogopa. Nikasema nitamwambia jioni, jioni ikafika nikasema kesho. Nikawa nazua visingizio azime mashine, mara kichwa kinaniuma, mara cherehani inakosa umeme. Aibu ni kitu kibaya.

Alhamisi tukarudi kwa daktari. Akapuliza. Namba imeshuka.

Daktari akamuuliza kama vumbi limeondoka kweli. Kaka yako, kaketi wima kama anapigwa picha, akajibu, "Limekwisha, daktari. Mke wangu ameshona mfuko mzuri sana." Daktari akashusha pumzi. Akasema ikiwa vumbi halipo na kifua bado kinaporomoka, basi hakuna njia nyingine, aachane na mbao kabisa. Akachukua kalamu aandike. Na kaka yako akaitikia kwa kichwa. Aliitikia, shemeji, hivi hivi, bila neno!

Mdomo wangu ukafunguka wenyewe. "Usiandike, daktari! Mfuko unapitisha. Nimeushona kwa pazia, vumbi lote linarudi ndani. Kosa ni langu." Nikaanza kulia mbele ya watu.

Sasa sikiliza. Kaka yako hakushtuka. Aliinamisha kichwa, akasema taratibu, "Najua. Niliona siku ile ile ya kwanza."

Nilidhani sikusikia vizuri. "Uliona nini?"

"Unavyofuka."

"Mbona hukusema?"

"Ulikuwa unapiga vigelegele, Mama Kicheko. Ningeanzia wapi?"

Jamani, jamani, jamani! Miezi miwili na nusu! Mtu anavuta unga wa mbao kwa hiari yake, anamdanganya daktari, yuko tayari kuiweka randa chini maisha yake yote, kisa asinivunje moyo kwa ajili ya kipande cha pazia! Nimeolewa na nani mimi? Wanasema mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Ya kaka yako yamekuwa kikohozi cha kweli, na mimi nakilambisha asali. Nilitaka kumkumbatia na kumzaba kofi kwa wakati mmoja. Daktari aliiweka kalamu, akavua miwani, akatutazama kwa zamu. Akatupa miezi mitatu mingine, akasema ndiyo ya mwisho, na kwamba mfuko ukipumua upumue hewa, si vumbi. Kisha akasema, na ninyi wawili muwe mnaongea.

Njiani sikumsemesha. Nilikuwa na hasira naye, na hasira na mimi, sijui ipi ilizidi. Lakini Ijumaa tulifanya kazi bega kwa bega. Mashine tumeitoa nje, iko kwenye kibanda nyuma ya ukuta, bomba linapita tundu, hewa yake haiingii tena ndani. Yeye mwenyewe sasa anavaa kinyago. Nami nimetafuta kitambaa kizito, kimeshonana kama blanketi, hewa inatoka lakini unga haupenyi.

Jana nikamaliza mfuko mpya, tukauvisha, tukawasha. Safari hii sikupiga kigelegele hata kimoja. Kaka yako akauzunguka na tochi, akainama, akanyamaza. Nikamkazia macho. Akameza mate. Nikaendelea kumkazia.

Akasema, "Mke wangu, hapa kwenye mshono panapitisha. Na shingoni pia. Na hii pembe umeipinda vibaya."

Shemeji, tangu tuoane sijawahi kusikia maneno matamu kama hayo. Niliufumua mshono wote nikiimba.

Msalimie mkeo mpole, mwambie ule mfano wa gauni aliouomba nimeshauchora. Wasalimie wanao, hasa yule mwenye maswali. Mama yenu anakusalimu na anauliza kama unakula. Kicheko wetu anasema barua yako ya mwisho ilikuwa fupi. Kaka yako anakusalimu pia, bado anakohoa, lakini leo ametoa kasoro tatu za chai yangu kabla hajaimaliza.

Mungu akulinde wewe na pumzi yako, na akuwekee karibu watu watakaokuambia ukweli.

Shemeji yako akupendaye, hata ukimcheka,

Mama Kicheko