Ng'ombe Pamoja na Shangazi

Kavimvira, 5 Juni 2022

Dada Sidonie,

Salamu nyingi. Vipi Nyakabere, mihogo na afya? Huku mpakani tunapumua. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu tunaishia kupigiana kelele.

Tulipomaliza matanga ya baba, baba mdogo alisema: mdogo apange urithi mafungu mawili, mkubwa achague. Basi nimepanga bila hila. Fungu moja: cherehani, kitanda kikubwa na mbuzi wote. Fungu lingine: ng'ombe aliye Rurambo, pamoja na kumtunza shangazi Mapendo. Ng'ombe hakatwi vipande, na shangazi vilevile. Ujue anaimba nyimbo za kanisa kabla jogoo hajafumbua macho, na sombe, mboga ya majani ya mihogo, yenye chumvi ya kumtosha haijawahi kupikwa. Nakuhurumia. Chukua cherehani.

Mdogo wako mpenda haki,
Kizito

Nyakabere, 11 Juni 2022

Mdogo wangu,

Hatujambo, mihogo inakauka vizuri. Pole na vumbi la huko.

Asante kwa huruma yako. Nimechagua ng'ombe na shangazi. Nilimfuata mwenyewe nyumbani kwa baba, na tayari ameshika kiti changu. Nilimsomea barua yako. Akasema: "Ule Kizito alinihesabu pamoja na ng'ombe? Iko sawa. Ng'ombe ni kitu ya heshima."

Mbuzi wako wanakuja na lori la Bruno, pamoja na cherehani na kitanda. Uwapokee.

Dada yako,
Sidonie

Kavimvira, 24 Juni 2022

Dada mpendwa, mpendwa sana,

Natumaini u mzima, na shangazi, na hasa ng'ombe. Mimi sijambo kwa mwili tu. Nina chumba kimoja, na mbuzi wamelala chini ya kitanda wanakula shuka.

Nitasema ukweli. Kuna Noella, anauza vitenge hapa mpakani. Nampenda hadi jioni nawaambia watu habari za asubuhi. Baba yake, mzee Firmin, anataka ng'ombe wa mahari. Nilidhani utamkimbia shangazi, ng'ombe abaki kwangu. Nikampelekea cherehani. Akaniuliza: "Hii mashini iko inazala?" Halafu: "Na shangazi yako iko wapi? Weye unakuja kuomba binti peke yako, sawa vile hauna watu?"

Dada, bila shangazi nani atanisemea? Kuna mwingine anabisha hodi kwa Firmin, na ana ng'ombe wawili. Naomba tupange mafungu upya. Chukua vyote, hata mbuzi.

Mdogo wako, nimekwisha,
Kizito

Nyakabere, 2 Julai 2022

Mdogo wangu,

Huku wote wazima, sauti zetu tu zimekauka kwa kuimba.

Nilicheka hadi shangazi akaja kuuliza nani amekufa. Mjinga wewe, ungeniuliza kwanza! Ng'ombe sikumtaka. Tangu baba atutoke nilikuwa napika chakula cha mtu mmoja na kukila jikoni nimesimama, maana niliogopa kuketi mezani peke yangu. Nilipoona jina la shangazi kwenye barua yako, sikusoma zaidi.

Binamu Luc atamteremsha ng'ombe kutoka Rurambo wiki ijayo. Mpelekee mzee Firmin. Shangazi atakuja wiki hiyohiyo kukusemea, ameshaanza kujizoeza mbele ya kioo. Atakusifu kwa uongo mwingi, usimkatize.

Lakini sikia vizuri, Kizito. Ng'ombe nakupa. Shangazi nakuazima. Akitaka kubaki huko, mkatalie. Jumapili jioni nitakuwa nimesimama barabarani namngoja.

Dada yako,
Sidonie