Wifi Mbele ya Kamera, Mimi Nyuma

Jumamosi, 4 Mei

Wifi ametangaza mezani kwamba tunaanzisha chaneli ya safari. Tunaanzisha! Mimi na nani? Sijaulizwa. Nilikuwa na mkate mdomoni, nikabaki nao.

Ati watu wamejaa majumbani wanatazama wenzao wakitembea, sasa kwa nini tusitembee sisi? Yeye atasema, mimi nitapiga. Akanigeukia: Wifi, wewe si una kamera, na wikendi huna mtu wa kumpikia? — Huna mtu wa kumpikia. Kayasema hayo mbele ya mumewe, ambaye ni mdogo wangu wa tumbo moja. Mdogo wangu akachekea ndani ya kikombe.

Miaka kumi na nne napiga picha za pasipoti. Kaa hapa, kidevu juu kidogo, usicheke. Wote wanaokaa kwenye kile kiti wana mahali wanakokwenda. Wakiondoka mimi nakunja kitambaa cheupe. Labda ndiyo maana nilisema sawa kabla sijajua nimesema.

Nisijidanganye lakini. Yule mwanamke damu zetu haziendani tangu wiki aliyoolewa humu ndani, alipotoa kabati la marehemu baba sebuleni bila kumuuliza mtu.

Jumatatu, 6 Mei

Nimemwambia bosi wa studio. Kacheka mpaka kavua miwani. Safari, wewe? Wewe hata benki unatuma mtu! Nimemkata jicho. Hata hivyo ameniazima ile maiki ndogo isiyo na waya, ya kubana kwenye kola. Ikipotea na mimi nipotee, nisirudi kazini.

Jumapili, 12 Mei

Safari ya kwanza. Stesheni ya reli iliyofungwa, saa mbili kwa basi. Majani yameota katikati ya reli. Dirisha la tiketi bado lina vyuma vyake, na ubao wa nauli umebabuka herufi, umebaki na tarakimu tu. Asubuhi mwanga unaingia ubavuni na vumbi unaliona linavyoelea. Pazuri! Kwa robo saa nzima nilisahau kuwa nina hasira.

Kisha akafungua mdomo. "Hamjambooo wapenzi wangu wa nguvu!" Wapenzi gani? Chaneli haina hata mtu mmoja. Karudia mara kumi na moja. Mara nywele, mara inzi, mara kivuli changu kimeonekana ukutani — kitoe wifi, watu wanakuja kuniona mimi.

Mlinzi wa pale akanivuta pembeni: samahani, huyu mama anaongea na nani? Nikamwambia hata mimi najiuliza. Zamani alikuwa mpiga kengele wa stesheni hiyohiyo. Treni ya mwisho alipoipigia kengele, anasema, hakujua kuwa ni ya mwisho. Hakuna aliyemwambia. Alitaka kutusimulia vizuri ila Wifi alimkatisha, ati tutachelewa basi. Nikaipiga picha mikono yake tu, anavyoushika mnyororo wa kengele isiyokuwepo.

Jumanne, 14 Mei

Jioni mbili nimekesha macho kwenye kompyuta kukata na kuunga. Leo video imepanda mtandaoni. Mwishoni Wifi kaandika: "Imetayarishwa na" — jina lake. Imepigwa na: yeye. Imehaririwa na: yeye. Huyu hata betri hajui inaingilia upande gani!

Nikamuuliza. Kajibu, watazamaji hawapendi majina mengi.

Majina mawili ni mengi.

Watazamaji mia mbili na kumi na wawili. Mmoja ameandika: "Hiyo mikono ya mzee imenishika roho. Aliyepiga ana jicho." Nimeisoma mara nne. Wifi alikuwa anasoma maoni kwa sauti sebuleni, alipofika kwenye hilo akaliruka kama shimo la barabarani.

Jumamosi, 18 Mei

Leo tumekwenda mji mmoja wa mlimani, wenye ngazi kila mahali. Nimebeba kamera, stendi, maji yake, na viatu vyake vya kubadilisha. Yeye kabeba mdomo.

Mchana alikaa kupumzika kwenye kibaraza cha nyumba ya wageni. Mimi nilikuwa ngazi arobaini chini yake napiga mapaa, hedifoni masikioni. Hakuzima maiki. Dada yake akampigia simu.

Naandika kama nilivyosikia. Kwamba chumba changu ndicho chenye dirisha kubwa, na mwanga wa pale ni mzuri, "mwenyewe anasemaga." Kwamba akiweka meza na taa mbili, studio imekamilika. Kuhariri ameshaanza kuangalia ninavyofanya, si kazi ngumu. Mtu mmoja anahitaji nafasi gani? Nitafute chumba huko karibu na kazini kwangu. Amenivumilia vya kutosha, anivumilie na mwezi mmoja huu. Kisha: "Nimeshaongea na mume wangu, ameelewa."

Ameelewa.

Mengine yote nilitarajia. Hilo la mwisho ndilo lililonikalisha chini pale kwenye ngazi. Watu wakawa wananiruka.

Nilipanda nikamkuta anapaka mafuta ya midomo. Wifi, umepata mapaa mazuri? Nikamwambia mazuri sana. Kumbe picha zote zimetikisika, hakuna hata moja ya kutumia.

Jumatano, 22 Mei

Nimembana mdogo wangu. Alikuwa uani anasafisha viatu vya kazi. Nikamuuliza bila kuzunguka: mnanitoa? Brashi ikasimama, ikaendelea. Kasema hakuna kilichoamuliwa. Kasema nyumba ni yetu sote, lakini.

Nikasubiri baada ya "lakini." Hakikuja kitu.

Mtoto niliyemfungia kamba za viatu mpaka darasa la tatu! Hakuinua uso. Dada, usikuze mambo, akasema, huku akisugua kiatu ambacho kilishang'aa zamani.

Basi. Sitalia, sitaomba, na safari nitakwenda zote. Ila kumfundisha, hajifunzi kitu tena kwangu. Kompyuta nimeiwekea neno la siri. Na kwenye video ya mji wa ngazi nimeacha sekunde moja anajikuna kwapa, nimeiacha makusudi. Watu wameiona. Wameicheka sana. Amelia chumbani kwake na mimi nimekunywa chai yangu yote.

Jumamosi, 25 Mei

Maporomoko ya maji. Tumefika saa nne asubuhi. Wifi kavaa gauni la njano refu, kwa ajili ya picha. Maji ni meupe, yana kishindo, unamwona mtu anaongea humsikii.

Alitaka arudi kinyumenyume juu ya mawe akielekeza mikono kwenye maji. Nikasimama, nikalenga. Alikuwa anasema hivi: wapenzi wangu, maisha ni kuthubutu. Mguu wa kushoto ukaenda. Gauni likapanda juu kama mwavuli uliopinduka na upepo, mkono ukatangulia chini. Mlio wa mfupa niliusikia kwenye hedifoni. Kishindo chote kile cha maji, na bado niliusikia.

Akaburuzika mpaka kwenye dimbwi la chini. Niliingia na viatu, maji kifuani. Nikamshika kwapani nikamvuta. Mzito! Alikuwa ananing'ang'ania shingoni anasema usiniache, usiniache. Nikamfunga mkono kwa mtandio wangu. Wageni wengine wakatupa lifti mpaka hospitali. Njiani kaniegemea begani, meno yanagongana. Asante wifi. Bila wewe leo ningekufa.

Nilitazama nje ya dirisha mpaka tukafika.

Mfupa umevunjika sehemu mbili, juu ya kiganja. Plasta wiki sita.

Jumapili, 26 Mei

Jana kuna jambo sikuliandika.

Getini, wakati Wifi yuko msalani anavaa lile gauni, yule mama anayekata tiketi aliniambia: mawe meusi ya upande wa kushoto msiyakanyage, yanateleza, mwezi uliopita yamemvunja mtu. Mwambie na mwenzio. Nikamjibu nitamwambia.

Nilikuwa nitamwambia. Tulipokuwa tunashuka alikuwa nyuma yangu anaongea na simu na anacheka, nikasema akimaliza. Alipomaliza akanipa begi lake nibebe.

Kisha nikamwona kwenye kioo cha kamera anarudi nyuma, anarudi nyuma. Jiwe nililiona. Lilikuwa linang'aa kama limepakwa mafuta. Ni maneno mawili tu: wifi, jiwe. Muda ulikuwepo.

Nimeandika. Sitaki kuandika zaidi ya hapo.

Jumanne, 28 Mei

Mwanamke huyu atanimaliza! Nimerudi kutoka kazini nakuta kadi ya kamera haiko mahali pake. Kaichukua, akamwomba binti wa jirani amsaidie, na ameipandisha video ya kuanguka. Nzima, bila kukatwa, kuanzia anaposhuka mpaka kamera inapodondoka kwenye majani na kubaki inapiga anga, huku sauti zetu zinasikika kwenye maji.

Nilimwambia juzi tuifute. Nilimsihi! Nikasema ni aibu kwake. Kajibu aibu gani, wifi, dunia nzima inapenda mtu anayeanguka.

Na kweli. Watu laki moja na elfu arobaini kwa siku moja. Kakaa kwenye kochi, plasta juu ya mto, anapiga kelele: Wifi, tumetoboa! Kanivuta kwa mkono mzima akanikumbatia. Ananukia dawa ya hospitali. Kisha kanionyesha mwishoni alivyoandika: "Mpiga picha na mwokozi wangu: wifi yangu kipenzi." Na jina langu lote, na la baba.

Nikaenda jikoni nikafungua bomba bila sababu.

Ijumaa, 31 Mei

Laki sita. Studio wateja wananiuliza kama ndiye mimi. Mmoja kataka kupiga picha na mimi, pale kwenye kiti cha pasipoti! Bosi hacheki tena, ameniita "mtaalamu."

Na hili: Wifi kamwambia mumewe mbele yangu kwamba habari ya kile chumba isahaulike. Kasema, "Wifi yangu asiguswe." Akishapona, watajenga kibanda uani cha kurekodia. Alidhani sijui ni chumba gani, akakonyeza. Mdogo wangu kaitikia, ndiyo, ndiyo, lakini macho alikuwa ameyaweka kwangu, na hakuyatoa.

Bora angekuwa mbaya tu kama zamani. Ule ubaya nilikuwa nimeuzoea, najua pa kuuweka. Leo kanimenyea chungwa kwa mkono mmoja. Limechukua nusu saa. Nililila lote.

Jumapili, 2 Juni

Baada ya chakula cha mchana mdogo wangu kanifuata uani nikianika nguo. Kazi yake ni kukagua mashine kiwandani, analipwa kuona ufa ambao wengine hawauoni. Nilipaswa kulikumbuka hilo.

Alikuwa na simu mkononi. Kasema, Dada, nitazamie hapa. Nikamwambia nimeshaitazama vya kutosha. Kasema tazama.

Wifi anarudi nyuma, anaongea, uso wake katikati ya picha. Kisha kamera inamwacha uso. Inashuka, taratibu, mpaka kwenye jiwe jeusi, na inatulia hapo. Jiwe peke yake. Halafu ndipo kiatu kinaingia kwenye picha.

— Sekunde tatu, akasema. Nimezihesabu. Mbona kamera ilifika kabla ya mguu?

Nikasema nilikuwa napiga maji.

— Maji yako kulia, dada.

Nguo ya mtu ilikuwa mkononi mwangu inachuruzika kwenye miguu. Sikukumbuka kabisa kama niliishusha kamera. Naapa sikukumbuka. Nilidhani nilisimama tu, nikakaa kimya tu. Kumbe nilililenga. Nikausubiri mguu uje.

Akaniuliza, sauti ya chini: ulijua?

Ningeweza kumwambia kuhusu ile simu niliyoisikia mlimani. Ningemwambia na wewe ulielewa, si ndiyo? Ulielewa! Maneno yote yalikuwa yamejipanga mdomoni. Badala yake nikasema niache nianike nguo. Hakuniacha. Akasema: Dada, huyu ni mke wangu. Akasema tena, kama mtu anayenitambulisha kwa mgeni: mke wangu.

Wakati huo Wifi alikuwa sebuleni anasoma maoni kwa sauti, kama kawaida yake, kila moja na kicheko chake. Huyu anasema gauni limependeza. Huyu anataka kuja safari ijayo. Huyu anauliza mbona kamera... Hapo sauti ikakatika.

Nimeziacha nguo kwenye beseni nikaingia chumbani. Naandika kwa sababu sijui mikono niifanye nini.

Ameicheza video. Nasikia maji kupitia ukuta. Wapenzi wangu, maisha ni kuthubutu. Kisha ukelele. Ameirudisha. Maji. Maisha ni kuthubutu. Safari hii ameikata kabla ya ukelele. Ameirudisha tena, na tena inakatika mahali palepale.

Mdogo wangu ameingia sebuleni, nimesikia mlango wa uani. Wanaongea. Zaidi ni yeye Wifi, maneno siyapati. Mume ametoa neno moja tu.

Ndala zinakuja kwenye korido.

Anagonga. Wifi, anasema, hebu toka kidogo, kuna kitu nataka nikuulize. Hiyo sauti si ile ya kwenye video. Sijawahi kuisikia, nyembamba, haina mbwembwe hata kidogo.

Nimesema nakuja.

Amesema sawa. Hajaondoka. Nimesema tena nakuja, na bado nimekaa, kalamu mkononi.