Mwizi wa Nyota Nimeshamtaja kwa Kinyozi

Kitabu cha binti yangu kimekuwa filamu! Ndiyo, kitabu cha Krismasi, alichokitunga kwa akili yake mwenyewe, sasa kimekuwa filamu ya kuonyeshwa ukutani, watu wanatembea na kugombana mle ndani kama mimi na wewe, na mwanzoni kabisa linatokea jina lake kwa herufi kubwa, nimeliona kwa macho yangu kwenye simu, nikaomba wairudishe nyuma nilione tena, wakairudisha, nikaomba tena.

Mpendwa mshauri, nisamehe, furaha imetangulia kuingia kabla yangu. Hujambo? Habari za kazi, na wote hapo ofisini wazima? Naomba msaada wako, na naomba sana usitaje jina langu, maana jambo lenyewe ni la aibu na mimi hapa mtaani ni mtu wa heshima zangu.

Kazi yangu ni kupiga pasi. Nina kibanda ubavuni mwa duka la kinyozi, nguo zinaingia zimekunjamana kama uso wa mtu aliyenyimwa, zinatoka zimenyooka unaweza kukata nazo mkate, na hakuna kola ya maana mtaa huu ambayo haijapita mkononi mwangu, hata ya mchungaji. Shule niliishia darasa la saba, sijifichi, lakini huyu kitindamimba wangu tangu mdogo alikuwa anakaa juu ya kapu la nguo ananisomea huku mimi nanyoosha, na vitabu vya Krismasi ndivyo tulivyovipenda kuliko vyote, vile vya mtu aliyepotea miaka mingi akarudi siku yenyewe, au jirani mchoyo akalainika roho, nami nalia machozi yanadondokea shati la mtu, nayapitishia pasi hapo hapo, mvuke unapanda, kazi inaendelea. Na filamu ni hivyo hivyo. Ikifika Desemba sebuleni kwangu hapana pa kukanyaga, wajukuu chini, wakwe kwenye kochi, na mimi wamenipiga marufuku kukaa mbele kwa sababu nikishabaini jambo siwezi kulimeza, nasema, “Huyo anayebisha hodi ni baba yao, ngojeni muone,” na mto wa kochi unanifikia kichwani kabla mlango haujafunguliwa.

Sasa alipoandika cha kwake alinisomea mimi kwanza, kabla ya mchapaji, kabla ya mchumba wake, sura kwa sura, yeye na kapu lake, mimi na pasi yangu. Ni hadithi ya mtaa mmoja wenye nyota ya bati ambayo kila mwaka huwekwa juu ya mti wa Krismasi, na mwaka huo wakaamka wakakuta mti una kipara, nyota haipo. Wanaoshukiwa ni mlinzi, mwokaji mikate, mwalimu wa kwaya, na mjane anayefagia ukumbi. Mshauri, ni tamu hiyo! Niliunguza suruali ya daktari. Alipofika mwisho akakunja karatasi zake akaniambia, “Mama, utamu wote uko hapa kwenye mwisho. Kitabu na filamu vitatoka siku moja. Mpaka siku hiyo, tafadhali, usimwambie mtu.” Nikamjibu, “Mwanangu, mimi ni kaburi.”

Kaburi lilipasukia kwa kinyozi.

Ni yeye aliyeanza. Nilikwenda kumpelekea makoti yake, nikamweleza kwa unyenyekevu tu kwamba mwanangu ameandika kitabu ambacho hakijawahi kuandikwa, akacheka, akasema, “Mama Pasi, hadithi za Krismasi mimi nazijua zote. Mtu anarudi, watu wanalia, wanaimba, kwisha.” Angenitukana mimi ningenyamaza, lakini amemgusa mwanangu. Nikamwambia, “Hii huiwezi hata wakupe wiki, kwa taarifa yako mwizi wa nyota ni fulani,” nikamtaja. Wembe ukasimama hewani, mteja ana nywele upande mmoja tu wa kichwa, kinyozi akasema, “Acha wewe!” na mteja akasema, “Acha wewe!” na nisikufiche, nilijisikia vizuri sana, nilitoka pale natembea kama bibi harusi, mpaka nilipoishika pasi ndipo nikauona msiba niliojiletea, maana kwa kinyozi neno linaingia na mtu mmoja linatoka na vichwa vyote vya mtaa.

Wanasema siri ya mtungi aijuaye kata. Kata ni mimi, kumbe nina tundu.

Nikafikiri, siwezi kulirudisha neno, lakini naweza kulizika chini ya maneno mengine. Basi mwuza nyama alipokuja kuchukua aproni zake nikamnong’oneza kwamba mwizi ni mlinzi. Fundi cherehani nikamwambia ni mwokaji mikate. Muuguzi nikamwambia ni mwalimu wa kwaya, na kila mmoja nilimshika mkono nikamwambia, “Nakuambia wewe tu.” Hesabu yangu ilikuwa kwamba watapishana maneno, hakuna atakayejua kweli iko wapi, na siri ya mwanangu itarudi kuwa siri. Na nikwambie, akili yenyewe ilifanya kazi, imefanya kazi kupita kiasi. Jana nimewasikia nje ya kibanda.

“Wewe utanieleza nini,” mwuza nyama anasema, “mimi nimeambiwa na mama mzazi wa mwandishi!”

“Na mimi nimeambiwa na nani, na shangazi yake?” fundi akamjibu.

“Nyote mmedanganywa,” kinyozi anapiga kelele, “mimi niliambiwa wa kwanza, wembe mkononi, shahidi yangu huyu hapa, mwangalieni kichwa!”

“Kichwa hicho ndicho ushahidi? Kwa kunyoa hivyo hata wewe ni mshukiwa.”

Wamewekeana dau la soda. Muuguzi na fundi, watu waliokuwa wanakopeshana hata chumvi, wananuniana. Hilo ningelivumilia. Lakini neno limemfikia mwalimu wa kwaya, huyu wetu wa kweli, kwamba kwenye filamu ya binti yangu mwizi ni mwalimu wa kwaya, naye amekuja kibandani kajaa kama puto, akasema, “Mama, mashati yangu nimekuletea miaka yote hii, na leo mwanao ananitangaza mwizi? Kwaya yangu haitaimba.” Na kwaya ndiyo inayofungua shughuli ya kuonyesha filamu hapa ukumbini kwetu, mshauri! Binti yangu ameipanga iimbe kabla taa hazijazimwa.

Halafu binti yangu akanipigia mwenyewe. “Mama, kuna watu wananiuliza eti mwizi ni mlinzi, wengine eti mwokaji. Wameyatoa wapi?” Nikamjibu, “Wanakisia tu, mwanangu, watu wana mambo.” Akacheka. Akaniambia, “Basi vizuri. Nimeanza kingine, nakuja na sura ya kwanza, nataka uisikie wewe kabla ya mtu yeyote.” Kabla ya mtu yeyote, mshauri. Nilikata simu nikakaa juu ya lile kapu.

Sasa nifanyeje? Nikimwambia, nani atanisomea tena? Au hadithi zake nitazisikia nimekaa ukumbini kama watu wengine? Nisipomwambia, atasikia kwa kinyozi. Na ili unishauri vizuri ni lazima uelewe uzito wa siri yenyewe, kwa hiyo nakwambia wewe tu, mwizi wa nyota kumbe ni [hapa nimefuta maneno — Mshauri], na aliichukua kwa sababu [na hapa pia], ndiyo maana nasema mwanangu ana kipaji.

Na wewe karibu kwenye filamu, Jumatano ya mkesha wa Krismasi saa kumi, uje na wenzako wote, waambie umealikwa na mimi.

Ni mimi,
Mama Mwandishi (zamani Mama Pasi)

JIBU LA MSHAURI

Mama Mwandishi, hongera! Nianze na hiyo, maana umeifanyia kazi. Mtoto aliyelelewa juu ya kapu la nguo akaishia kuandika kitabu hakutoka hewani, ametoka kwenye masikio yako. Ifurahie.

Nikishakupongeza, sasa kaa chini nikugombeze.

Umeniomba nisitaje jina lako, kisha ukasaini Mama Mwandishi, ukaeleza kibanda, kinyozi na kola ya mchungaji. Mama! Binti yako akisoma mstari wako wa kwanza tu ameshakujua. Kwa hiyo ukimaliza hapa, usimalize hata chai, mpigie. Asiipate habari hii kwa gazeti, wala kwa kichwa kilichonyolewa upande mmoja.

Halafu ukanitupia na mimi hiyo siri. Hukutosheka na mtaa? Nilikuwa nasoma kwa utulivu wangu, ghafla jina la mwizi hilo hapo katikati ya sentensi kama nzi kwenye maziwa. Nimelifuta ili wasomaji wasilione, lakini machoni mwangu halifutiki. Nilishinda nalo mchana kutwa. Wenzangu wananiuliza, “Nani? Ni mjane, siyo?” nami najiuma ulimi. Kwa hiyo muwasho wako wa mdomo naujua sasa, unawasha kweli. Ila mimi, mama, nimeumeza, na wewe utaumeza.

Umeuliza kama umwambie binti yako. Utamwambia. Na si kwa kuzungukazunguka, “unajua watu wana mambo.” Watu hawana mambo, mambo unayo wewe. Chomoa pasi kwanza, maana ukimweleza huku unanyoosha utajificha nyuma ya mvuke. Mwambie, “Mwanangu, nilimtaja mwizi kwa kinyozi kwa sababu alikudharau, kisha nikadanganya wengine ili kuficha, kisha nikakudanganya na wewe.” Ya kinyozi atakusamehe haraka, najua, pengine atacheka. Ya kumdanganya yeye kwenye simu ndiyo itamuuma. Mwache aumie. Usianze kumweleza jinsi unavyompenda wakati yeye bado amekasirika, anajua.

Twende kwa mwalimu wa kwaya. Huyu hakukukosea kitu, na umemvisha wizi mbele ya mtaa. Nenda kwake wewe, kwa miguu yako, usisubiri alete mashati. Lakini angalia mtego ulioutega mwenyewe: ukimwambia “siyo wewe,” umeshapunguza mshukiwa mmoja. Ukienda kwa mwuza nyama ukasema “siyo mlinzi,” umepunguza wa pili. Ukimaliza kuomba radhi mtaa mzima, kinyozi peke yake atakuwa amebaki amesimama na jibu lake mkononi, na umemtawaza. Umeona? Kwa hiyo utapita kwa wote, kinyozi akiwa wa kwanza, na kila mmoja utamwambia maneno haya na usiongeze hata kikohozi: “Niliyokwambia usiyaamini, nilikuwa napiga domo.” Huo si uongo. Kwa mwendo uliokwenda nao, huo ndio ukweli pekee uliobaki nao. Kinyozi atakukazia macho. Mtazame tu. Mwaga kijitabasamu ukiweza, uondoke.

Kwa mwalimu ongeza moja: mwambie kwamba ni wewe uliyemtungia, si binti yako, na kwamba bila kwaya yake shughuli ya mwanao itaanza kwa kikohozi na viti kukwaruza. Wanaume wa kwaya nawajua. Ataringa kidogo, kisha atauliza aimbe nyimbo ngapi.

Muuguzi na fundi waache. Hawajagombana, wana hamu. Mtu hanuni kwa ajili ya hadithi asiyoitaka. Kwa kweli, na hili nalisema kwa shingo upande, mtaa mzima haujawahi kuisubiri filamu namna hii, na hiyo ni kazi ya mdomo wako. Usinifurahie. Ni bahati tu, na bahati haina adabu ya kurudi mara mbili.

Sasa lile linalokuliza kweli, nani atakusomea tena. Sikiliza, mama yangu. Binti yako hakuhitaji kaburi. Makaburi yapo mengi, hakuna mwandishi anayeyasomea. Anahitaji mtu anayeunguza suruali ya daktari kwa sababu hadithi imemkolea. Huyo ni wewe, na huwezi kuwa huyo halafu ukawa kimya. Vimekuja pamoja kama kola na shati. Kwa hiyo akija na sura yake ya kwanza, msikilize kama kawaida. Na ya pili, na ya kumi. Kisha wewe mwenyewe, kabla hajakuuliza, mwambie, “Ya mwisho usinisomee. Nitaisikia ukumbini na wenzangu.” Itakuuma kuliko kuunguza kidole. Lakini atajua umempa kitu, na kapu halitakaa tupu.

Siku ya filamu usikae peke yako, wala karibu na kinyozi. Kaa na binti yako, mkono wako ndani ya mkono wake, na mdomo ukianza kuwasha, umbinye. Yeye ataelewa. Akikubinya wewe, basi umeshaanza kusema, nyamaza.

Mwaliko wako tumeupokea. Hapa ofisini tumegawanyika vibaya: dereva amemkamata mjane, mhasibu anaapa ni mlinzi, mpiga picha anamtaka mwokaji na hataki kusikia lingine, nami nazunguka kati yao nimefunga mdomo kwa mikono miwili na siwezi kuvumilia zaidi ya siku ya filamu. Tuwekeeni benchi moja. Tunakuja wote, mkesha wa Krismasi, Jumatano, saa kumi jioni.