Maneno Tuliyosemeana Ukumbini

9 Machi

Kwako Masikio,

Salamu hizi zikukute mzima. Huku tunasukuma siku. Mke wangu, mama yako mlezi, goti linamsumbua tena, lakini mdomo hauna ugonjwa wowote. Mimi sijambo, ukiacha joto. Siku hizi ikifika saa tano chini ya gari hakukaliki, sakafu inachoma mgongo hata nikitandika gunia. Kazi za chini nazifanya asubuhi, mchana nakaa mezani na pampu za dizeli.

Nakuandikia barua kwa sababu kwenye simu mimi na wewe tukipishana maneno mmoja hukata, na mara nyingi ni mimi.

Tumeletewa tangazo kwamba watu wa wizara yenu watakuja mwisho wa mwezi kusikiliza maoni juu ya kanuni ya magari ya dizeli. Mafundi na wenye mabasi walikaa, wakanichagua niwasemee. Nilikataa mara mbili. Ya tatu mwenyekiti wetu akaniambia, "Fundi, injini zote hizi umezifungua wewe. Nani mwingine atazitetea?" Nikakubali.

Sasa niambie ukweli. Atakayekaa mezani siku hiyo ni wewe? Nilikuita Masikio ulipokuwa mdogo kwa sababu ulikuwa unakaa gereji na kuutambua ugonjwa wa injini kwa kuisikia tu. Naona siku hizi huzisikilizi tena, unazipiga marufuku.

Ni mimi,
Mjomba wako

17 Machi

Shikamoo Mjomba,

Barua imefika, nimecheka, kisha nikaacha kucheka. Pole kwa joto. Mpe Mama pole ya goti, nitamletea ile dawa ya kuchua.

Ndiyo, ni mimi. Niliomba atumwe mwingine. Mkurugenzi akasema, "Nenda wewe, kule ni kwenu, watakusikiliza." Ni wazi hajawahi kukaa na mafundi.

Rasimu inasema hivi: gari la dizeli lenye umri wa zaidi ya miaka kumi na mitano halitaingia mjini baada ya miaka mitatu, na yatakayobaki yatapimwa moshi kila mwaka. Najua maana yake kwako. Karibu kila gari ulilowahi kuligusa lina umri mkubwa kuliko huo. Lakini mwaka jana tuliweka vipimo kwenye shule iliyopakana na stendi. Madirisha ya darasa la pili wameyapigilia mbao na bado masizi yanaingia. Walimu wanafuta madawati kila asubuhi kama watu wa gereji. Na hilo joto linalokuchoma mgongo, Mjomba, halikujileta lenyewe.

Sema yote unayotaka kusema. Ila ipige rasimu, usinipige mimi.

Mpwa wako

2 Aprili

Mpwa wangu,

Natumaini ulifika salama na huumwi popote. Mama yako mlezi alipika chakula cha watu kumi, tumekila wawili hadi jana. Alikuona pale nje ya ukumbi ukipanda gari la wizara, akadhani linakuleta nyumbani. Akakimbia kuwahi kufungua mlango, na goti lile.

Sijui umekasirika kiasi gani. Mwanzoni nilisema tuliyokubaliana mafundi na wenye mabasi: kwamba mwenye gari jipya la umeme atapita kwa raha, mwenye basi kuukuu atakaa nyumbani na watoto wake, na hewa safi itakuwa ya wenye nazo. Hilo bado nalisimamia. Kisha ukajibu, na ulijibu vizuri, nikaona wenzangu wananitazama. Ndipo nikayasema yale mengine. Kwamba moshi unaoulaani ndio uliokusomesha. Kwamba siku uliyoletwa kwangu baada ya mazishi ya mama yako, ulikuja miguu mitupu.

Watu walipiga makofi, wengine wakasimama. Nilikutazama, ukawa unapanga karatasi zako ambazo tayari zilikuwa zimepangwa.

Ulimi hauna mfupa. Niandikie.

Mjomba wako

20 Mei

Masikio,

Hujambo huko? Unalala, unakula? Sisi wazima wa mwili. Mwezi wa nne niliandika sikujibiwa, naandika tena.

Yale maneno yangu kumbe kuna mtu aliyachukua kwenye simu, na sasa yanazunguka kila mahali. Dereva mmoja alikuja nayo gereji akisema, "Fundi, siku ile ulimmaliza kabisa." Nikamwambia azime simu au apeleke gari kwingine. Akacheka, akadhani ni utani.

Mama yako mlezi hanisemeshi ila ya lazima: chumvi, maji, mlango. Juzi tukiwa tunakula akaniuliza, "Yale makofi yalichukua muda gani?" Nikasema sikumbuki. Akasema, "Basi yalikuwa mafupi."

Jambo jingine. Vijana wa wizara walipita hapa na mashine ya kupima moshi, kwa hiari, anayetaka. Wenzangu walifunga mageti. Mimi nikapeleka mabasi tisa, yote niliyatengeneza kwa mikono yangu, pampu na nozeli, na kila moja liliondoka hapa nikiamini limepona. Yamefaulu matatu. Niliishika ile karatasi kama cheti cha mtoto aliyefeli. Kwa miaka thelathini na moja nimekuwa nikisikiliza injini, wala sikuwahi kugeuka kutazama nyuma ya gari.

Hili sijamwambia mtu. Nakwambia wewe.

Mjomba wako

11 Juni

Shikamoo Mjomba,

Naendelea vizuri, nimechoka tu. Sikuandika kwa sababu kila nilipoanza ilitoka kama ripoti.

Hapa kazini mambo ni haya. Watetezi wa mazingira wanasema nimewasaliti kwa kuwapa wenye magari miaka mitatu. Wenye magari wanasema nimenunuliwa na wageni wanaotaka kutuuzia betri. Redioni kuna bwana mmoja kila asubuhi anasema jua lilikuwa kali tangu enzi za mababu, na kwamba mabadiliko ya tabianchi ni hadithi ya watu wa semina. Watu wanapiga simu kumpongeza. Namsikiliza nikivaa viatu. Nikifika ofisini wenzangu nao wananipokea, "Bi Moshi amefika," kutokana na ile video yako. Wanacheka kidogo kisha wanaendelea na kazi. Nami naendelea. Rasimu imerudishwa, mikutano inaanza upya. Wa kwenu ni mwezi wa nane.

Nije kwenye lile. Kwamba ulinisomesha ni kweli, na ningelisema mwenyewe pale mezani kwa heshima kama ungeniachia nafasi. Lakini sikuja kwako miguu mitupu. Nilikuwa na viatu. Vilikuwa vya mama, vikubwa, nilivibeba kwenye mfuko na sikutaka kuvichakaza njiani. Hukuniuliza, nami nilikuwa na miaka tisa, nikanyamaza. Sasa ukumbi mzima na kila mwenye simu anajua kwamba mama yangu alikufa akaniacha bila kitu.

Alikuwa dada yako, Mjomba.

Ya mabasi tisa nimeyasikia. Nimeyatunza.

Mpwa wako

30 Juni

Mpwa wangu,

Uko salama? Naomba uwe salama.

Barua yako niliisoma nimesimama karibu na vaisi ninayobania vyuma, kisha nikakaa kwenye tairi, nikaisoma tena. Nikaipeleka ndani kwa mama yako mlezi. Akaisoma, akasema, "Vile vya kahawia, vyenye kifungo pembeni. Nilidhani unavijua." Kumbe alikuwa akivipaka dawa na kuvificha chini ya kitanda chako miaka yote ile. Nyumba moja, na mimi sikujua.

Nimekosa. Sina namna ya kulipamba. Nilimdhalilisha dada yangu ili nishangiliwe na watu ambao asubuhi yake walirudi kunidai pampu zao. Nikilikumbuka mwili unachoka kabla sijashika spana. Nisamehe ukiweza. Kama bado huwezi, nitangoja, siendi popote.

Sasa jambo gumu. Kwa mkutano wa mwezi wa nane wamenichagua tena, na msimamo wangu haujageuka. Nimekwambia ya mabasi tisa, lakini bado naona kanuni hii itamwangukia mnyonge na kumruka mkubwa. Nikikwambia vinginevyo nitakuwa nakudanganya kwa sababu nina hatia, na hiyo nayo ni dharau. Ila safari hii maneno yangu nimeyaandika, kurasa tatu, nimeyaweka humu ndani. Sitaongeza neno hata ukumbi ukisimama. Sitaki uyasikie kwa mara ya kwanza mbele za watu.

Mjomba wako

14 Julai

Shikamoo Mjomba,

Mimi mzima, nawe natumaini mgongo umepumzika kidogo. Msamaha nimeupokea. Kidonda hakijakauka, ila kimeoshwa.

Nimezisoma kurasa zako mara mbili. Wa kwanza usiuguse, ni mzuri kuliko chochote tulichoandikiwa na wataalamu. Wa pili una kosa. Umesema mabasi ni theluthi mbili ya dizeli yote mjini. Sivyo, na nikikushikia hapo nitakuangusha hujafika mbali. Futa. Badala yake fungua kifungu cha kumi na moja cha rasimu, ile iliyobandikwa ukutani pale ofisi za mji, ambayo hakuna anayeisoma hadi mwisho. Magari ya serikali yamesamehewa kanuni nzima. Lile lililonileta kwenu lina miaka kumi na tisa.

Niulize hilo. Nilikipinga kifungu hicho kwenye vikao vyetu, nikashindwa. Ukiniuliza hadharani nitalazimika kujibu, na jibu langu halitapendeza, wala mkurugenzi hatapendezwa.

Usidhani nimehamia kwako. Hayo mengine yote nitakujibu, na nitakujibu sawasawa. Ukurasa wa tatu una maneno mawili hukuyaandika vizuri, nimeyazungushia kalamu. Mwambie Mama safari hii nakuja kula, apike cha watu watatu tu.

Mpwa wako

2 Septemba

Masikio,

Ulifika salama? Mama yako mlezi anauliza kama chakula ulichobeba ulifika nacho. Ananisemesha sasa, mpaka natamani yale mapumziko.

Nimekuwa nikiuwaza ule mkutano. Nilisoma swali la kifungu cha kumi na moja, ukasema, "Sina jibu la kukutosha, Fundi," nami nikageuza ukurasa. Kisha ukanibana kwa habari ya ile shule, nami nikasema hapo umesema kweli. Watu walikuja kutusikia tukivuana nguo. Walipoona hakuna kitu, nusu wakaondoka kabla ya mapumziko. Mwenyekiti wa mkutano akaahirisha hadi mwakani, tukaenda nyumbani kula.

Wenzangu wamenivua usemaji. Wanasema Fundi amelainika. Nawe uliponiambia mezani kwamba mkurugenzi amekwisha kukupigia simu, unahamishiwa masjala kupanga mafaili, ulilisema kama mtu anayesema mvua imekatika. Mama yako mlezi aliacha kijiko. Mimi nikakusogezea bakuli la mchuzi. Ila ujue nililisikia.

Wiki iliyofuata alikuja mwenye basi moja la bluu, kuukuu, anataka nimfungulie pampu. Ile pampu nimeifungua mara sita. Nikamwambia, "Hili silifungui tena. Limekufa, tunalikokota tu." Akanitazama kama niliyemkosea adabu. Akasema, "Kanuni imepita?" Nikasema haijapita, na sijui kama itapita. "Sasa shida ni nini?" Nikamwambia shida ni mimi, nimechoka kulidanganya.

Akalivusha barabara kwa fundi mwingine. Likawaka siku ile ile. Kila asubuhi linapita hapa mbele na wingu lake jeusi nyuma. Dereva hana kinyongo, ananipigia honi.

Nami nainua mkono.

Mjomba wako