Nilifuta Maneno ya Mama Mkwe Kwenye Kumbukumbu za Baraza

Mpendwa mshauri,

Nakuandikia nikiwa chumba cha majalada, mlango nimeurudisha, maana hapa ndipo mahali pekee ofisini ambapo hakuna anayeniuliza nina nini, na naomba unisome mpaka mwisho kabla hujanikasirikia. Mimi ni karani wa vikao katika baraza la mji wetu, kazi yangu ni kukaa kwenye meza ndogo ubavuni mwa mwenyekiti na kuandika nani kasema nini na nini kimeamuliwa, kisha nachapa, kisha katibu wa baraza anapitia, kisha kikao kinachofuata kinathibitisha, na kikishathibitisha basi, hicho ndicho kilichotokea hata kama hakikutokea. Nimeifanya kazi hii miaka sita na nilikuwa naipenda.

Mwezi uliopita kwenye ajenda kulikuwa na jambo la kuzungushia ukuta kiwanja kilicho nyuma ya zahanati ili baraza lijenge ofisi mpya, jambo ambalo kwenye karatasi lilikuwa na mistari mitatu tu, lakini katikati ya kiwanja hicho inapita njia ya miguu, na sisi watu wa mtaa wa bondeni tukiifuata tunafika zahanati kwa dakika nane, na ukuta ukisimama tutazunguka kwa barabara kuu, nusu saa nzima, tena kwa kupanda. Taratibu zetu zinasema mwananchi akiweka pingamizi kikaoni, madiwani hawaruhusiwi kupitisha jambo mpaka wakaone mahali penyewe kwa macho yao.

Sasa mama mkwe wangu, ambaye tunaishi naye nyumba moja, alikuwa mkunga wa zahanati hiyo miaka thelathini na mmoja mpaka alipostaafu, na siku ile alijiandikisha kusema bila kuniambia, mimi nanyanyua kichwa tu namwona anapita katikati ya viti amevaa viatu vyake vya kutokea, anakwenda kwenye kipaza sauti.

"Wanangu," akaanza.

Mwenyekiti akamkatiza, "Mama, hapa tunasema waheshimiwa."

"Haya, waheshimiwa wanangu. Wawili kati yenu nimewapokea kwa mikono hii, na siwataji."

Ukumbi ukaangua kicheko, hata mwenyekiti alificha mdomo, lakini mama hakucheka. Akasema mwanamke mwenye uchungu hahesabu mita, anahesabu pumzi, na kwamba hicho wanachokiita kipande cha kiwanja yeye amekipita na wajawazito amewashika kiuno, mvua na jua, na mmoja alijifungulia pale pale njiani akiwa amebakiza hatua hamsini, na mtoto akapona kwa sababu zilikuwa hatua hamsini. "Huyo mkimzungusha barabarani hafiki," akasema. "Napinga. Andikeni kwamba napinga." Nikaandika kwenye daftari langu neno kwa neno, tena kwa fahari, sikufichi.

Mwenyekiti akasema, "Tumekusikia mama, asante," akauliza wanaokubali wanyooshe mikono, mikono ikanyooshwa, tukaenda kunywa chai.

Siku ya tatu katibu akaniita ofisini kwake, rasimu yangu iko mezani, kidole chake kiko kwenye aya ya mama.

"Hii ni ya nini?"

"Ni ya mwananchi aliyepinga, mzee."

"Alipinga, au alisimulia?"

"Alisema napinga."

"Binti, kumbukumbu si kinasa sauti. Sisi tunaandika maamuzi, hadithi tunawaachia wenyewe. Weka hivi: wananchi walipewa nafasi na hakukuwa na pingamizi."

Hakunifokea, mshauri, ndiyo maana imeniwia vigumu. Huyu ndiye aliyekaa kwenye meza yangu wiki tatu akiandika vikao kwa mkono wake mwenyewe, mtu wa cheo chake, wakati mwanangu amelazwa, ili asitokee mtu wa kusema nimeacha kazi. Na mkataba wangu unaisha baada ya miezi miwili, na sahihi ya kuuongeza ni yake. Nikarudi mezani kwangu nikafuta. Aya nzima iliondoka kwa kubonyeza mara moja.

Jioni ile mama alikuwa anakunja nguo, akaniuliza bila kunitazama, "Yale maneno yangu umeyaandika?" Nikajibu, "Nimeyaandika, mama," nikajiambia si uongo kwa sababu kwenye daftari yapo. Tangu hapo kila jirani anayepita mlangoni anaambiwa kwamba maneno yake yameingia kwenye kitabu cha baraza na mkwe wake ndiye aliyeyaandika, na majirani wananipa mkono, na mimi naupokea. Mume wangu nilipomweleza akasema, "Mama ni wangu, kazi ni yako, mimi nimewekwa katikati kama meza, naombeni msinigonge." Anasema kikao kikishathibitisha yatapoa yenyewe. Kikao ni Alhamisi ya wiki ijayo. Je, nichague kazi au nichague mama mkwe? Naomba unisaidie, chakula hakipiti.

Ni mimi,
Karani mwenye mkono mzito

*

Dada karani,

Kwanza kula. Mtu mwenye njaa hatoi maamuzi, anatoa machozi, na wewe wiki ijayo utahitaji kichwa.

Pili, swali lako ni la kukwepa. Unaniuliza uchague kazi au mama mkwe, kana kwamba vimewekwa kwenye mizani na wewe umesimama pembeni na mikono mitupu. Kazi yako ni kuandika kilichosemwa. Siku ulipofuta aya ile hukuichagua kazi, uliiacha, ila uliendelea kukaa kwenye kiti chake. Na hata kama aliyesimama pale angekuwa mwanamke usiyemjua, mchuuzi, mlevi, mtu anayekuudhi, aya ingekuwa ile ile na kosa lingekuwa lile lile. Tena nakuuliza, na ujijibu mwenyewe: asingekuwa mama mkwe wako, ungeniandikia? Ni wangapi wengine katika miaka sita waliosema wakafutwa, na wewe ukanywa chai yako vizuri?

Sikwambii haya kwa sababu nakuona mbaya. Wema wa katibu wako naufahamu uzito wake. Mtu aliyekushikia nafasi mtoto akiwa kitandani hutaki kumwangusha, na ungekuwa huna haya usingejifungia na majalada. Lakini wema ule alikutendea kutoka mfukoni mwake. Kitabu cha baraza hakikutoka mfukoni mwake, kwa hiyo usimlipe nacho. Mlipe kwa heshima, kwa kuwahi kazini, kwa kumjulia hali nyumbani kwake.

Na nusu ya alichosema ni kweli. Kumbukumbu si kinasa sauti. Habari ya hatua hamsini si lazima iingie, wala wale wawili waliopokewa, ingawa mimi nimecheka mpaka jirani akagonga ukuta. Lakini kwamba mwananchi alisimama, akapinga, na sababu yake ni njia ya kwenda zahanati, hiyo si hadithi. Hiyo ndiyo inayowalazimisha madiwani wavae viatu waende wakaone. Katibu anajua hivyo. Wewe pia unajua, na ndiyo maana chakula hakipiti.

Sasa fanya hivi. Leo hii, kabla hujaongea na mtu yeyote ofisini, kaa na mama umwambie. Usimtume mumeo, yeye ameshajitangaza kuwa meza. Usianze na katibu, usianze na mkataba. Anza na neno "nilifuta", kisha "nilikudanganya", kisha nyamaza umwache aseme lake. Atakasirika, na ana haki, nawe usimharakishe kukusamehe.

Kesho yake andika sentensi moja, moja tu, yenye pingamizi na sababu yake, umpelekee katibu mkononi, faragha, umwombe airudishe. Akikataa, mwambie kwa adabu akuandikie agizo hilo na kutia sahihi. Watu wengi wanaoweza kusema jambo hawawezi kuliandika. Na mama, kama mwananchi yeyote, anaweza kuandika barua kwa baraza kabla ya Alhamisi kuomba kumbukumbu zisahihishwe. Barua aiandike kwa mkono wake, wewe usiiguse hata nukta. Daftari lako liache kwenye droo ya ofisi, usilitoe nje, usilichane, usilipige picha ukazituma kwa majirani. Ukiulizwa kikaoni, soma kilichoandikwa, ukae chini.

Kuhusu mkataba siwezi kukuahidi kitu, na asiwepo mtu wa kukuahidi. Inawezekana ukaumia. Lakini huo mkono unaouita mzito haukuwa mzito hata kidogo siku ile ya kufuta. Ulikuwa mwepesi mno. Nenda kausahihishe.

*

Mpendwa mshauri,

Imepita miezi mitatu, nimeona si vizuri kukuacha bila jibu.

Nilimwambia mama siku ile ile barua yako ilipotoka. Alikuwa anafunga vifungo vya shati la mjukuu wake, akavimaliza vyote mpaka cha shingoni, akamwambia mtoto kacheze nje. Halafu akasema, "Kwa hiyo nilisimama bure." Tangu siku niliyoolewa alikuwa ananiita mwanangu, na tangu siku ile akaanza kuniita karani. "Karani, niletee maji." "Karani, simu yako inalia." Hakunipandishia sauti hata mara moja, mshauri, ningependa angepandisha.

Katibu aliipokea sentensi yangu, akaisoma, akaniambia, "Iache hapo." Nikamwomba aniandikie agizo, akanitazama muda mrefu kama mtu anayetafuta alikoniweka, akasema, "Nenda kafanye kazi." Hakuandika, na sentensi hakuirudisha.

Alhamisi mwenyekiti akauliza kama kawaida, "Kumbukumbu za kikao kilichopita, kuna marekebisho?" Swali hilo kwa kawaida halipewi hata nafasi ya kuvuta pumzi. Lakini diwani wa kata yetu akanyoosha mkono, akasema kuna barua ya mwananchi. Ikasomwa. Mwenyekiti akamgeukia katibu, katibu akatazama karatasi zake, basi mwenyekiti akanigeukia mimi. Miaka sita sikuwahi kusema neno ndani ya ukumbi ule.

"Karani, daftari lako linasemaje?"

Nikasimama. Nikasoma nilivyoandika, na lile "wanangu", na lile "waheshimiwa wanangu", na wawili wasiotajwa, ila safari hii hakuna aliyecheka. Nilipofika kwenye "andikeni kwamba napinga" nikasoma mara mbili. Kisha nikasema, "Kwenye rasimu yangu ya kwanza ilikuwepo. Niliitoa mimi." Sikumtaja katibu. Yeye ndiye aliyenyanyua mkono, akasema, "Kwa maelekezo yangu." Maneno matatu tu, kisha akavua miwani. Nimemheshimu kwa hayo kuliko kwa zile wiki tatu.

Uamuzi ukasimamishwa, na baada ya siku tisa madiwani wakaenda kiwanjani. Mama alitangulia mbele bila kusema chochote, wao nyuma, kutoka bondeni mpaka mlango wa zahanati, kisha akawarudisha bondeni, akawapitisha barabara kuu. Walipofika juu mmoja alikuwa ameketi kwenye jiwe la mtaro akijipepea kwa ajenda. Ofisi zinajengwa, nisikudanganye. Ila ukuta umesogezwa, na njia imebaki upande wa kushoto, nyembamba, watu wawili wanapishana kwa kugeuza mabega. Mama anasema machela itapita. Amepima.

Mkataba wangu uliongezwa kwa mwaka mmoja, lakini vikaoni siingii tena, nimepelekwa dirisha la vibali vya maziko na vya kufungua maduka. Katibu akipita ananisalimu na kuulizia hali ya mtoto, nami najibu. Mwanzo niliona nimeshushwa, siku hizi sijui. Pale dirishani kila mtu anayekuja ana sentensi yake, na mimi naiandika anavyoisema, halafu namsomea.

Nyumbani bado ni karani. Ila jana nilikuwa naanua nguo, mvua imeshaanza, na mama akapaza sauti kutoka jikoni, "Mwanangu, shuka lile la bluu usilisahau!" Nikasimama na shuka mkononi, nalowa, nikisubiri ajisahihishe. Hakujisahihisha.